Ukishaiwasha, Uonyeshe Nini?

Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yana sanamu mbili za karatasi zilizogandishwa kwa gundi: Stanley upande mmoja, Livingstone upande mwingine, kofia mikononi. Watoto wa shule wanaopelekwa pale huzicheka, hupiga nazo picha, kisha hutoka nje kutafuta kivuli cha miembe. Sina ugomvi na vicheko vyao. Sanamu zile zinaonyesha kwamba wanaume wawili walisalimiana mwaka 1871. Hazionyeshi kwa nini Ujiji ilikuwa mahali pa watu kukutana: soko, mashua, misafara ya kwenda na kutoka pwani, pembe na watumwa, na hii lugha ninayoiandikia.

Meli ya Liemba ni habari tofauti. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha elfu kadhaa, ikaletwa hadi Kigoma na kuungwa upya. Ilizinduliwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Injini zake za mvuke zilitolewa miaka ya sabini zikawekwa za dizeli, na hakuna aliyesema kwamba hiyo si Liemba tena. Muulize yeyote aliyeipanda anakumbuka nini. Hatakutajia injini. Atakuambia mitumbwi ilivyokuwa ikiisogelea gizani, abiria wakipanda kwa kushikwa mikono, magunia ya dagaa yakirushwa, mtoto akipitishwa juu ya maji kama kifurushi. Mashine inakumbukwa kwa kazi iliyobeba.

Nayasema haya kwa sababu ya kompyuta nne. Ziko hapa Katonga, kwenye chumba ambacho mwalimu mmoja wa sekondari amekopeshwa kwa muda, na mnunuzi wa chuma chakavu ameshazipima kwa macho mara mbili. Mbili ni za kizazi cha 486, moja ni Pentium III, na ya nne ina kasha zuri lakini imekufa. Zilitoka kwenye ofisi za mashirika yaliyokuja Kigoma miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Burundi na wa Zaire ya zamani walipokuwa wakivuka ziwa, na mashirika yalipoondoka zikabaki kwenye stoo za watu. Mwalimu anataka kufanya maonyesho kwa ajili ya wanafunzi. Fundi wa simu wa hapa kijijini, kijana mwenye mikono mizuri kuliko vifaa alivyonavyo, amezifufua tatu. Kilichobaki ni swali ambalo tumelibishania wiki nyingi: zikishawaka, ziwe na programu gani kwenye skrini? Watu wasipoona sababu ya kuingia, chumba kitarudi kuwa stoo na kompyuta zitakwenda kwenye mizani.

Wengi huliona swali hili kuwa la mwisho, kama kuchagua kitambaa cha meza. Mimi naona ndilo la kwanza. Kompyuta ni kifaa cha ajabu kwa jambo moja: ukiitazama tu hujui inafanya nini. Jembe linajieleza, na cherehani inajieleza. Kasha la 486 lililozimwa ni boksi la rangi ya maziwa yaliyochacha. Kwa hiyo anayechagua programu ndiye anayeandika historia ya chumba kile, apende asipende, na chaguo lake lina haki ya kuhakikiwa kama tunavyohakiki kitabu au filamu.

Wenye mashine wamejua hili tangu zamani, na wameitumia nafasi hiyo kwa ujanja. Mwaka 1984 watengenezaji wa kompyuta ya Amiga waliandaa onyesho la mpira wa miraba myekundu na myeupe unaodunda na kuzunguka kwenye skrini. Mlio wa mdundo wake ulirekodiwa kwa kugonga mlango wa gereji. Watu waliduwaa. Siri yake ni tamu zaidi ya mpira wenyewe: mpira hauchorwi upya kila unaposogea. Kinachohamishwa ni ukurasa mzima wa picha, na kinachofanya uonekane unazunguka ni rangi kupokezana nafasi. Ile programu haikuwa na matumizi yoyote nje ya kuonyeshwa, lakini ilisema ukweli kuhusu chombo kilichoibeba, kwa sababu ilitegemea vipande ambavyo kompyuta nyingine za nyumbani za wakati ule hazikuwa navyo.

Mwaka huohuo, Januari, Steve Jobs aliitoa Macintosh kwenye mfuko mbele ya umati na mashine ikajitambulisha kwa sauti yake. Hilo nalo lilikuwa onyesho kali, ila mashine iliyozungumza siku ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 512, na iliyopelekwa dukani ilikuwa na 128. Wahandisi wake wamelisimulia hilo wenyewe baadaye. Kwangu mimi mpira wa Amiga, pamoja na kiini macho chake, ni mwaminifu, na hotuba ya Macintosh, pamoja na ukweli wa kila neno lililotamkwa, siyo.

Tukirudi Katonga, pendekezo la kwanza la fundi lilikuwa Prince of Persia. Halikunishangaza. Karibu kila meza ya kompyuta za zamani duniani ina gemu, na gemu hilo ni zuri kweli: Jordan Mechner alilitoa mwaka 1989 baada ya kumrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akaichora miondoko ile picha kwa picha. Mwanasesere wa mistari michache ananing'inia kwenye ukingo na wewe unabana pumzi. Hata Computer History Museum ya Mountain View, Marekani, huiwasha PDP-1 yake na kuwaachia wageni wacheze Spacewar!, gemu la mwaka 1962.

Lakini Spacewar! ina haki ya kuwa pale. Iliandikwa kwenye PDP-1, na watu waliokuwa wanatafuta kujua PDP-1 inaweza nini. Prince of Persia haina uhusiano huo na kompyuta zetu, ambazo zilikuja Kigoma kuandika ripoti na kuhesabu watu. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2015 Internet Archive imeweka magemu ya zama zile kwenye kivinjari, na mwanafunzi mwenye simu na bando anaweza kulicheza akiwa kitandani. Akija chumbani kwetu akakuta kitu kilekile, kwenye skrini inayomwumiza macho, atajifunza jambo moja tu: kwamba zamani vitu vilikuwa vibaya zaidi. Maonyesho mengi ya teknolojia huishia hapo, kumfanya kijana ajipongeze kwa kuzaliwa baadaye.

Ningekubali gemu moja, na ni karata. Solitaire ya Windows 3.0, ya mwaka 1990, ambayo karata zake zilichorwa na Susan Kare, iliwafundisha watu kushika kitu kwa kipanya, kukiburuta na kukiachia. Yeyote aliyesubiri kazi yake kwenye steshenari miaka ile anaijua. Karani anacheza, wewe unasubiri, printa inasubiri pia.

Mwalimu naye alikuwa amesoma habari za VisiCalc na akaipenda. Nilimwelewa haraka. Dan Bricklin, akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alimwona mhadhiri akikosea tarakimu moja ubaoni na kulazimika kufuta na kuandika upya mlolongo mzima. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza jedwali linalojihesabu lenyewe, likauzwa kuanzia 1979. Nakala ya IBM PC haifiki kilobaiti 28, ndogo kuliko picha yoyote uliyotumiwa leo, na Bricklin bado anaigawa bure. Kwa maonyesho ni dhahabu: weka bei ya ndoo ya dagaa, idadi ya ndoo, mafuta, mgawo wa wavuvi na wa mwenye chombo, halafu mwambie mgeni abadilishe bei peke yake. Safu nzima inashuka au inapanda mbele ya macho yake. Pembeni weka daftari la leja na kalamu, umwambie afanye hesabu ileile.

Pingamizi langu ni la mahali. VisiCalc ilitamba Marekani katika miaka ambayo sisi tulikuwa tumefunga mlango. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa asili ilikuwa ni RCA 301 ya Kimarekani iliyouzwa kwa jina la kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kushindikana kwenda vizuri kwa mashine, ukatoka uamuzi wa kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kamba ile ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya themanini. Tulipofungua, dunia ilikuwa imeshahamia Lotus 1-2-3, iliyotoka Januari 1983. Ukiweka VisiCalc chumbani Katonga unasimulia historia ya Boston. Ukiweka Lotus, yenye menyu inayofunguka kwa alama ya mkwaju, unasimulia lini na kwa njia gani jambo lile lilitufikia, na mwanafunzi anaweza kuuliza kilichotokea kati ya 1974 na siku hiyo. Swali hilo nalitaka. Sijaona mahali pengi ambapo kijana wa Kitanzania anaambiwa kwamba nchi yake iliwahi kuitazama kompyuta, ikapima gharama na vurugu yake, ikasema hapana. Unaweza kuuona uamuzi ule kuwa wa woga, au wa busara iliyochelewa kurekebishwa. Kuufuta kwenye simulizi ndiko kunakofanya tuonekane kama watu tuliokuwa tumekaa barazani tukisubiri kuletewa.

Tulibishana pia kuhusu kusubiri. Fundi alitaka kutoa diski kuu za zamani na kuweka kadi za kumbukumbu, ili programu zifunguke papo hapo. Kwa uhai wa mashine ana hoja, maana diski zile zinaweza kufa wakati wowote. Lakini mlio wa disketi ikisomwa, ule mkwaruzo kama panya kwenye dari, na zile sekunde ambazo mkono hauna la kufanya, ni sehemu ya kitu chenyewe. Tumeafikiana nusu: moja inabaki na diski yake mpaka itakapogoma.

WordPerfect 5.1 haikuwa na mtetezi mwanzoni. Skrini ya bluu, maandishi ya kijivu, pembeni chini namba ya ukurasa na mstari, basi. Hakuna picha wala vitufe vya kubofya. Mwalimu alisema wanafunzi watadhani imeharibika. Ila jioni moja aliingia mama mmoja wa hapa jirani, aliyewahi kuwa karani mwandishi kwenye ofisi mjini.

“Shikamoo mama, karibu ujaribu,” fundi akamwambia, akimsogezea kiti.

“Marahaba mwanangu. Hiki si niliacha kabla hujazaliwa?”

Akakaa. Aliandika mistari miwili ya barua rasmi, Kumb. Na. na yote, na kila baada ya sentensi kidole chake kilipanda hadi F10 bila yeye kukitazama. F10 ndiyo iliyokuwa ikihifadhi. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na mtu aliyeandika kurasa mbili bila kuhifadhi alijifunza siku moja tu. Alipomaliza akabonyeza Shift na F7 pamoja, akageuka.

“Printa iko wapi?”

Hatukuwa na printa. Sasa tumeazima Epson ya nukta, ile inayopiga kelele kama bati kwenye mvua, kwa sababu yake. Na WordPerfect imepata mtetezi, nami nimeongeza hoja yangu: programu inayofaa kuonyeshwa ni ile ambayo bado kuna mtu anayeijua kwa vidole. Chumbani panahitajika kiti kimoja ambapo mtu mzima anamfundisha kijana. Kwa mambo ya kompyuta, hapa kwetu, mara nyingi huwa kinyume.

Hata hivyo, chaguo ambalo ningelipigania hata kama yote mengine yangeanguka ni Epi Info. Vijana wengi wanaosoma hapa hawajawahi kuisikia, isipokuwa waliosomea afya ya jamii. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1985 na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na toleo la 6, la mwaka 1994, lilifanywa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Iliendeshwa kwa DOS, iliingia kwenye disketi chache, na ilikuwa mali ya umma: kunakili na kumpa mwenzako hakukuwa wizi. Ukizingatia jinsi programu nyingi nyingine za zama zile zilivyosafiri mjini, hilo peke yake ni jambo la kuandikwa ukutani. Ilitumika kufuatilia milipuko ya magonjwa mahali ambapo daktari alikuwa na kompyuta moja ya kubeba na meza ya mbao.

Uzuri wake kwa maonyesho ni kwamba inaanza na ukurasa mtupu. Unaandika dodoso kama unavyoandika barua, kwa maneno yako, kwa lugha yako. “Umri wa mvuvi”, kisha alama mbili za reli, ##, na programu inaelewa kwamba hapo patakaa tarakimu mbili. Unahifadhi, inakutengenezea fomu, unaanza kujaza. Kisha unaandika FREQ na jina la swali, na jedwali linatokea. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuuliza nyumba ngapi mtaani kwao zinaanika dagaa chini mchangani na ngapi zina vichanja, na baada ya robo saa akaondoka na jibu lililochapwa. Mpira wa Amiga ulikuambia mashine inaweza nini. Hii inakuuliza wewe unataka kujua nini.

Ina upande mwingine, na tuliugusa bila kuutafuta. Kwenye boksi la disketi zilizokuja na mojawapo ya zile 486 kulikuwa na faili la data. Mwalimu alilifungua ili aone kama disketi inasomeka. Yalikuwa majina ya watu, umri, mahali walikotoka, idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano. Akasoma mistari mitatu, akafunga. Hakuna aliyependekeza kulionyesha, na disketi ile haimo tena kwenye boksi. Lakini siwezi tena kusikiliza mtu akisema kwamba kompyuta hizi zilikuja kutuletea maendeleo, au kwamba zilikuja kutupeleleza, akaishia hapo. Zilikuja kuhesabu watu waliovuka ziwa, ili pawe na maji na chanjo za kuwatosha, na zilizihifadhi habari zao kwenye kitu kinachoweza kusahaulika stoo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Pentium III itabeba Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hilo halikuwa na ubishi, ingawa nina neno nalo. Kazi ile ilistahili watumiaji wengi zaidi ya niliowaona mimi. Watu walikuwa wameshajifunza kwamba “Save” ni mahali pa kubofya, kama picha, bila kujali ni neno la nani. Na sisi wenye lugha tulikuwa bado tunazozana kama kifaa chenyewe ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, hili la mwisho likimfanya kila mtani aulize kinamwangamiza nani. Kwenye maonyesho ningeiweka mkabala na WordPerfect, mtu aandike barua ileile kwenye zote mbili.

Juma lililopita tuliijaribu Epi Info kwa watoto kumi na wawili. Dodoso lilikuwa fupi: jina la mtaa, umri, na swali moja kuhusu taa, kwa kuwa siku hizi za giza wavuvi wote wako ziwani usiku na taa za sola zimechukua nafasi ya karabai. “Nyumbani kwenu karabai bado ipo?” Aina ya swali hilo kwenye Epi Info ni <Y>, yaani ndiyo au hapana, na fomu haipokei herufi nyingine isipokuwa Y na N. Jedwali lilipochapwa lilisema karibu hakuna nyumba yenye karabai. Binti mmoja akakataa. Kwao ipo, na kwa jirani yake ipo, na wote wawili wamejaza.

“Ulibonyeza nini?” fundi akamwuliza.

“N.”

“Kwa nini N?”

“Ndiyo.”

Fundi anataka kuliondoa swali lile na kuweka namba, 1 na 2, na mwalimu anamwunga mkono, kwa sababu dodoso linalopotosha majibu si dodoso. Mimi nimeomba yabaki yote mawili, kila moja kwenye 486 yake, na majedwali yao yabandikwe pamoja ukutani. Mpaka jana mwalimu alikuwa bado anafikiria. Mnunuzi wa chuma chakavu alipita tena asubuhi, akasikia printa, akasimama mlangoni kusoma kilichokuwa kinatoka.